Maswali ya Wasomaji: Barua ya Kujiuzulu Isiyopokelewa

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Tabora na Kigoma zimezunguka jambo moja, nalo ni mwanasiasa wa chama kidogo anapokorofishana na wenzake: kiti ni cha nani, chama ni cha nani, na yeye mwenyewe huishia wapi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi.

Ndugu Mwandishi, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Isevya, Tabora Mjini. Kijiweni kwetu kuna ubishi usiokwisha juu ya Profesa Ibrahim Lipumba. Wapo wanaosema mtu akishajiuzulu amejiuzulu, na wapo wanaoshikilia kwamba hakuwahi kutoka CUF. Tunaomba utueleze ilivyokuwa, na utuambie kama kwa maoni yako siasa zake zilikuwa za faida au za hasara.

Marahaba, ndugu msomaji. Ubishi wenu hauishi kwa sababu kila upande unashika kitu cha kweli: mmoja unazungumza kwa desturi za watu, mwingine kwa katiba ya chama, na katiba ya chama ndiyo iliyoshinda.

Nianze na mtu mwenyewe, maana vijana wengi wanamfahamu kuanzia mgogoro tu. Lipumba ni mtu wa huku kwetu, mzaliwa wa Ilolanguru mwaka 1952. Alipata shahada ya uzamivu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1983, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kati ya 1991 na 1993 akawa mshauri wa uchumi wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Mtu mwenye wasifu wa namna hiyo angeweza kukaa karibu na serikali akisubiri uteuzi mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake, mwaka 1995 alisimama kugombea urais kwa tiketi ya CUF akapata kama asilimia 6 ya kura. Mwaka 2000, akiwa tayari mwenyekiti wa chama, alipata zaidi ya asilimia 16. Mwaka 2005 akashuka hadi karibu asilimia 12. Mwaka 2010 akabakiwa na asilimia 8 hivi. Mteremko huo uwekeni akilini, kwa kuwa watu hupenda kuuhesabu kuanzia 2016, ilhali ulianza miaka mingi kabla, wakati CHADEMA ilipokuwa ikichukua nafasi ya mpinzani mkuu huku bara.

CUF yenyewe ilizaliwa mwaka 1992 kwa kuunganisha makundi mawili, Kamahuru ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha bara, kwa hiyo tangu msingi wake ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Mwenyekiti alitoka bara, Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, alitoka Zanzibar. Viti vingi vya ubunge vilipatikana Unguja na hasa Pemba, lakini bila kura za bara chama kisingeweza kujiita cha kitaifa. Mpangilio huo ulidumu muda mrefu kwa sababu kila upande ulimhitaji mwenzake, na nadhani pia kwa sababu wakuu hao wawili hawakuwa wakigombea kitu kimoja: mmoja aliutafuta urais wa Muungano, mwingine wa Zanzibar.

Mwaka 2014 CUF, CHADEMA, NCCR-Mageuzi na NLD waliungana katika UKAWA, yaani Umoja wa Katiba ya Wananchi, wakatoka pamoja katika Bunge Maalum la Katiba. Mwaka uliofuata UKAWA ikampokea Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyetoka CCM, kuwa mgombea wake wa urais, na tarehe 6 Agosti 2015 Lipumba akatangaza kujiuzulu uenyekiti, akieleza kwamba dhamiri yake haikukubaliana na hatua hiyo. Hapo ndipo wanakijiwe wenzako wanaposema kwamba mambo yaliishia.

Kumbe katiba ya CUF ilikuwa na kifungu ambacho wengi hawakukitilia maanani: kiongozi akijiuzulu, kujiuzulu kwake kunakamilika pale chombo kilichomchagua kinapokubali. Mwenyekiti huchaguliwa na Mkutano Mkuu. Uchaguzi wa nchi nzima ulikuwa umebaki wiki chache, Mkutano Mkuu ni gharama kubwa, na wajumbe wenyewe walikuwa majimboni wakitafuta kura. Chama kikaunda kamati ya kukiongoza kwa muda, barua ikalala mezani. Uchaguzi ukapita, mwaka ukageuka, barua bado imelala. Juni 2016 Lipumba akaandika barua nyingine ya kuitengua ile ya kwanza.

Mkutano Mkuu maalumu ulioitishwa Dar es Salaam Agosti 2016 ili kuamua jambo hilo ulivunjika kwa vurugu. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo Msajili wa Vyama vya Siasa, Jaji Francis Mutungi, akatoa msimamo kwamba Lipumba bado ni mwenyekiti halali. Upande wa Maalim Seif ukaukataa msimamo huo na kwenda mahakamani, na tangu hapo kukawa na CUF mbili zenye bendera moja, moja ikiwa katika makao makuu Buguruni, Dar es Salaam, na nyingine ikiongozwa kutoka Zanzibar. Ruzuku nayo ikazua kesi. Julai 2017 upande wa Lipumba ukawavua uanachama wabunge wanane wa viti maalumu waliokuwa upande wa pili, Spika akazitangaza nafasi zao kuwa wazi, na majina mapya yakateuliwa. Kwa hapa mkoani, Mheshimiwa Magdalena Sakaya, aliyekuwa mbunge wa Kaliua kwa tiketi ya CUF tangu 2015, alisimama upande wa Lipumba.

Niruhusuni niseme nilichokiona kwa macho, ingawa chama sitakitaja. Katika miaka hiyo ya migogoro nilifika kwenye ofisi ya wilaya ya chama kimoja kidogo, chumba kimoja chenye mlango wa mbao na bendera iliyopauka kwa jua. Mlangoni kulikuwa na kufuli mbili. Ya juu ilikuwa ya katibu, ya chini ya mwenyekiti, na kwa kuwa wawili hao walikuwa hawasalimiani, hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake kuja, na hakuna aliyekuwa tayari kuja. Nilimkuta katibu ameketi kwenye benchi chini ya mwembe jirani, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani yake mlikuwa na muhuri, kitabu cha risiti na kidau cha wino, vikiwa vimeviringishwa katika kitenge. Aliniambia kwamba usiku hulala navyo chini ya mto. Nilipomuuliza wanachama wako wangapi, alifikiri kidogo kisha akasema kwamba daftari la wanachama limebaki ndani.

Nimelikumbuka benchi lile kila ninaposoma habari za CUF, kwa sababu tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi uliomwacha Lipumba kuwa mwenyekiti, Maalim Seif hakukata rufaa wala hakulilia jengo. Siku hiyohiyo alihamia ACT-Wazalendo pamoja na wafuasi wake, kwa kaulimbiu ya mabaharia, "shusha tanga, pandisha tanga", na huko Zanzibar matawi ya CUF yakapakwa rangi za chama kingine. Kwa maneno mengine, muhuri ulibaki kwa mmoja na daftari likaondoka na mwingine. Mwaka 2015 CUF ilikuwa na wabunge 42, wakiwamo wa viti maalumu. Baada ya uchaguzi wa 2020 ilibaki na watatu. Lipumba mwenyewe aligombea urais kwa mara ya tano mwaka huo akapata kura 72,885, ambazo hazikufika hata nusu ya asilimia moja. Ni kweli kwamba uchaguzi wa 2020 ulilalamikiwa na karibu vyama vyote vya upinzani, kwa hiyo tarakimu hizo zisichukuliwe kuwa kipimo pekee, lakini Pemba haikuondoka CUF kwa sababu ya kuhesabu kura.

Kwa hiyo uwaambie wenzako wa kijiweni hivi: kisheria, wanaosema hakuwahi kutoka wameshinda, maana Msajili na mahakama wote waliegemea huko. Ama kuhusu lawama, mimi siiweki yote kwa mtu mmoja. Waliobaki kuongoza chama walikuwa na miezi kumi, kuanzia Agosti 2015 hadi Juni 2016, ya kuitisha Mkutano Mkuu na kuipokea ile barua kwa kikao cha siku moja. Hawakufanya hivyo. Naye, akiwa msomi wa kiwango chake, alijua kwamba akirudi kwa kupitia mwanya huo angerudia kiti bila watu wa kukaa naye. Kama unaniuliza faida au hasara, miaka ya 1995 hadi 2014 ni ya mtu aliyejitolea kweli kujenga upinzani kipindi ambacho kazi hiyo haikuwa na marupurupu. Kilichofuata nakihesabu kuwa hasara, na kwake zaidi kuliko kwa mwingine yeyote.

Mwandishi, habari za kazi. Niko Nguruka. Mwaka 2011 tulitangaziwa kwamba mbunge wetu wa Kigoma Kusini, David Kafulila, amefukuzwa NCCR-Mageuzi, lakini akaendelea kuwa mbunge hadi 2015. Hao wabunge wa CUF uliowahi kuwataja walifukuzwa 2017 wakatoka bungeni mara moja. Sheria si ni moja?

Sheria ni moja, kilichotofautiana ni saa. Katiba ya nchi, ibara ya 71, inasema kwamba mbunge hukoma kuwa mbunge pale anapoacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo wakati alipochaguliwa. Haibagui aliyehama kwa hiari na aliyefukuzwa. Kwa hiyo chama kikishamvua mtu uanachama, kimemvua na ubunge, hata kama ni wananchi wa Nguruka na Uvinza waliosimama juani kumpigia kura. Tundu la kupumulia ni mahakama tu: anayewahi kupata amri ya zuio kabla kiti hakijatangazwa wazi huendelea kukikalia mpaka kesi ya msingi imalizike, na kesi ya msingi ya namna hiyo aghalabu haina haraka. Kafulila aliwahi. Wale wa 2017, walipofika mahakamani, nafasi zao zilikuwa zimekwisha kutangazwa wazi na warithi wao kuteuliwa.

Ila kisa cha Kafulila kina utamu wake, na ninyi wa Kigoma mnaujua kuliko mimi. Katika uchaguzi wa 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne nchi nzima, na yote manne yalikuwa mkoani kwenu: Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Hiki ndicho chama ambacho mwaka 1995 kilikuwa na mgombea urais, Augustino Mrema, aliyepata karibu asilimia 28, na majimbo 16. Kisha Mrema na Mabere Marando wakavutana hadi Mrema akahamia TLP mwaka 1999. Mtu angetarajia kwamba chama kilichounguzwa namna hiyo kingewalea wabunge wake wanne kama mayai. Kumbe haukupita hata mwaka mmoja na nusu, Desemba 2011, Halmashauri Kuu ikamvua uanachama mmoja wao, aliyekuwa akivutana na mwenyekiti James Mbatia. Robo ya wabunge wa majimbo, kwa kikao kimoja!

Zuio la mahakama ndilo lililokiokoa chama na uamuzi wake chenyewe. Mwaka 2014 Kafulila huyohuyo ndiye aliyelivalia njuga bungeni suala la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, hadi Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, akamwita tumbili katikati ya mjadala. Jina hilo likageuka sifa mitaani, na kabla ya mwaka kwisha Mwanasheria Mkuu akawa amejiuzulu. Miezi ile NCCR-Mageuzi ilisikika nchini kuliko wakati mwingine wowote katika miaka kumi, kwa kinywa cha mtu iliyekuwa imemfukuza.

Baada ya hapo safari yake mnaifahamu. Alishindwa na Hasna Mwilima wa CCM mwaka 2015, akafungua kesi ya kupinga matokeo bila kufanikiwa, akaingia CHADEMA mwishoni mwa 2016, akatoka mwaka uliofuata na kujiunga na CCM. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Songwe, na mwaka 2021 akawa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Sitaki kumhukumu mtu kwa kuhama. CHADEMA alikuwamo hata kabla ya NCCR-Mageuzi, na anayeishi miaka minne na ubunge unaoning'inia kwenye uzi wa mahakama lazima ajifunze kutazama mlango ulipo. Mbatia naye alivuliwa uongozi na uanachama na Mkutano Mkuu wa chama hichohicho Septemba 2022. Alilalamika kwamba utaratibu haukufuatwa, na sina shaka kwamba aliyasema hayo kwa uchungu wa kweli.

Mhariri, kwa nini mtu anayechoshwa na ugomvi wa chama asigombee mwenyewe bila chama, akaheshimiana na wapiga kura wake? – Msomaji wa Ujiji.

Kwa sababu ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama na awe amependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili maisha yake yote: Mahakama Kuu ilimkubalia mara mbili, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa haki. Katiba haijabadilika.

Njia iliyobaki ni kuhamia chama kingine au kujenga kipya, na hapo mna mfano wa nyumbani. Zitto Kabwe alivuliwa nyadhifa zake CHADEMA Novemba 2013, akajikinga mahakamani hadi Machi 2015, aliposhindwa kesi akaaga bungeni na kuingia ACT-Wazalendo, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja tangu kipate usajili wa kudumu. Kupata usajili huo si kazi ndogo: sheria inataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa Zanzibar. Juni 2015 chama hicho kilikuja hapa Tabora kutangaza Azimio la Tabora, kikidai kuhuisha Azimio la Arusha. Kwenye uchaguzi wa mwaka huo kikapata jimbo moja tu, Kigoma Mjini, la Zitto mwenyewe. Na hata humo mlikuwa na kuondokewa: mwenyekiti wake, marehemu Mama Anna Mghwira, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2017 na baadaye akajiunga na CCM. Tofauti ninayoiona ni kwamba mwaka 2024, muda wake wa kikatiba ulipokwisha, Zitto alikiachia kiti cha kiongozi wa chama akakichukua Dorothy Semu, na hakuna aliyetia kufuli ya pili mlangoni.

Shikamoo Mzee. Mimi ni diwani kijana wa chama kidogo wilayani Kasulu. Nimepokea barua mbili kutoka kwa watu wawili wanaojiita makatibu, kila mmoja akiniita kikaoni Jumamosi moja, saa moja, kumbi tofauti. Nikienda kwa mmoja nitafukuzwa na mwingine. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Udiwani wako umefungwa na uanachama kama ulivyo ubunge, kwa hiyo hofu yako si ya bure.

Kwanza itafute katiba ya chama chako, nakala kamili iliyosajiliwa, si ile ya kuhadithiwa, usome nani mwenye mamlaka ya kuitisha kikao cha ngazi hiyo na kwa taarifa ya siku ngapi. Mara nyingi utakuta mmoja kati ya hao wawili hata siku hazijamtosha. Kisha waandikie wote wawili barua fupi zenye maneno yaleyale, ukiuliza kikao kinaitishwa kwa kifungu gani, nawe ubaki na nakala iliyosainiwa na aliyepokea. Ukishindwa kuhudhuria kwa sababu hukujibiwa, barua hiyo itakusemea.

Kama utahudhuria, kuwa mwangalifu na karatasi ya mahudhurio. Usiweke saini kwenye ukurasa usio na kichwa kinachotaja kikao, tarehe na ajenda. Nimewahi kuona majina ya watu waliokwenda kunywa soda yakiwa yamebanwa kwa pini nyuma ya azimio la kumfukuza mwenzao.

Lipa ada yako ya uanachama sasa, hata kama umelipa kwa mwaka huu lipa na ya mwakani, uchukue risiti. Shutuma ya kwanza dhidi ya diwani anayetafutiwa sababu huwa kwamba si mwanachama hai. Ukipewa tuhuma zozote, zijibu kwa maandishi ndani ya muda uliopangwa hata kama unaziona za kipuuzi, na ukate rufaa ndani ya chama kabla ya kukimbilia mahakamani, maana hakimu atakuuliza ulianzia wapi. Lakini wakili umtafute mapema, kabla barua ya kukufukuza haijamfikia mkurugenzi wa halmashauri.

Barua zote mbili ulizopokea zihifadhi pamoja na bahasha zake, kwa sababu ya muhuri wa posta. Kama zililetwa kwa simu, usizifute, na usibadilishe simu mwezi huu.